Mkono Niliompa Baba

Karatu, Jumamosi, Agosti 1979

Mkono! Baba yangu mzazi nimempa mkono kama mgeni wa serikali.

Nilikuwa mlangoni mwa ukumbi, nimevaa suti ya kuazima, nikiwapokea wageni wa maonyesho yetu ya mila na mandhari ya Ngorongoro. Akatokea yeye, na lubega lake begani, fimbo yake, na vumbi la kijijini kwetu Piyaya. Kwetu Wamasai mtoto humwinamishia baba kichwa, naye hukigusa. Hiyo ndiyo salamu, hata ukiwa mtu mzima. Lakini mkuu wa wilaya alikuwa ananitazama, shingo ikakataa. Baba akauangalia mkono wangu, kisha akaushika.

Halafu nikapanda jukwaani kuhutubia juu ya heshima ya wafugaji! Nyuma yangu tulikuwa tumetundika picha kubwa ya mtoto akimwinamia mzee. Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga.

Baadaye nilimfuata nje, nikainamisha kichwa. Hakukigusa.

"Umekichana vizuri, mwanangu," akasema kwa upole. "Wageni wako bado wapo. Nisikivuruge."

Angenichapa tu kwa ile fimbo yake, sasa hivi ningekuwa nimelala.