Kichupa Anachokisubiri Baba

Dada Mwanamkuu, shikamoo.

Mimi mzima. Huku Kibaha mvua imeng'oa bati la banda letu la kuku, ila kuku wote wapo. Hongera kwa mihogo ya huko Kurui, nasikia imezaa kweli.

Nakuandikia kwa sababu baba kwenye simu hanisikilizi. Nikianza kueleza tu ananikata: "Wewe leta dawa, mwanangu, maneno ya nini?" Halafu mwanao Kudra kaniambia babu yake kaacha vidonge vya hospitali, anasubiri kile kichupa cha kwenye picha niliyowatumia. Nimeshtuka, dada!

Kile si dawa. Ni protini ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria, mimi naipanga tu kwenye friza la maabara. Mwilini inabandika alama kwenye protini zilizochakaa ili zivunjwe. Nilivyosoma hayo nilisisimka kinoma, maana kuna watu wanatetemeka kama baba kwa sababu protini hii kwao ina kasoro. Lakini kichupa kimeandikwa: kwa utafiti tu, asipewe mtu. Hata ningeiiba isingemsaidia.

Msomee baba barua hii taratibu, halafu mpe vidonge vyake hapo hapo, na maji, umsubiri ameze. Akiuliza dawa yenyewe lini, mwambie watafiti bado wanaitafuta, na mimi nipo nao. Huenda wakaipata yeye hayupo tena.

Hiyo ya mwisho usimsomee.

Mdogo wako,
Maulidi