Hita ya Terna

Jumapili, 15 Januari

Hita ya kibanda cha boti yangu, Terna, imekufa. Niliiwasha saa nne asubuhi nikipanga nyavu — feni ikavuma, pampu ya dizeli ikaanza kugonga tik, tik, tik, moshi mweupe ukatoka ubavuni, halafu kimya. Ikajaribu tena yenyewe. Kimya. Taa nyekundu ikabaki inanikonyeza. Nikaipiga teke. Haikusaidia kitu ila roho yangu.

Wiki mbili tu kabla ya skrei, wale chewa wa msimu, kuingia ghuba ya Vestfjorden! Samaki wa wiki hizo ndio tunaowala mwaka mzima.

Na Magnhild alikuwa gatini, anatoka kanisani. Mdogo wangu huyo ana masikio. Alisimama na mkoba wake akisikiliza pampu inavyogonga bure, kisha akasema taratibu kwamba hita isipowaka, Hilmar haendi. Hilmar ni mume wake, shemeji yangu, na ndiye baharia wangu kwa miaka kumi na minane. Nikamwambia shemeji hajawahi kulalamikia baridi hata siku moja. Akanijibu, "Ndiyo maana nalalamika mimi, dada."

Ana haki. Machi iliyopita Hilmar alijikata kidole na hakujua mpaka alipoona damu kwenye mkate wake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vinakuwa vyeupe kama mshumaa na vinakufa ganzi. Daktari kasema apate joto. Hilmar kasema ni kahewa kidogo tu.

Peke yangu siwezi kuvuta nyavu. Na baharia mwingine simtaki. Haya, niandike kweli, hapa hasomi mtu: hakuna mwingine anayenitaka mimi. Wanasema nina mdomo.

Jumatatu, 16 Januari

Fundi Torleif alikuja. Hakupiga hata goti. Alichungulia mlangoni, akasema ninunue mpya, hii niifanye nanga. Nikauliza mpya itafika lini. Katikati ya Machi. Katikati ya Machi samaki nusu yao wameshapita, na Hilmar ameshazoea kukaa kwenye kochi.

Nikamwambia basi nitaitengeneza mwenyewe.

"Wewe?"

Neno moja tu. Nimerudi nalo nyumbani, nimelila na viazi, na mpaka sasa halijashuka kooni.

Mimi ndiye niliyeshusha injini ya Terna mwaka ule gia ilipovunjika, nikaipandisha tena, na ilinguruma mara ya kwanza. Mimi nimeirudisha boti hii nyumbani na usukani uliofungwa kwa kamba. Hita ni nini? Ni sanduku la kuchomea dizeli, lina feni. Nimetoa kile kitabu chake cha maelekezo. Kilikuwa bado kwenye nailoni.

Jumanne, 17 Januari

Nimeipata! Umeme. Kwenye betri napima volti kumi na mbili na nusu. Kwenye hita, ile plagi ya kuwashia ikianza kuvuta, zinabaki kumi na kitu. Nikafuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya ngazi — kiungo kimeoza, kijani kitupu. Chumvi ya bahari. Nikakata, nikasugua kwa msasa, nikafunga kiungo kipya.

Ikawaka. Dakika kumi na moja! Nikavaa koti nikaenda dukani, na mkate sikuwa na haja nao. Nilimweleza muuza duka. Nikamweleza Asgeir, yule mwenye boti mpya anayekaa kifua wazi ndani ya kibanda chake utadhani yuko sauna. Nikamweleza na mama wa posta.

Nimerudi nimeikuta imezima. Moshi mweupe, tik, tik, kimya. Torleif alikuwa anapita na toroli lake la gesi. Alivua kofia tu, kama mtu aliyeingia msibani.

Alhamisi, 19 Januari

Jana sikwenda kokote. Leo nimeanza upya.

Mafuta. Kitabu kinasema chomoa bomba, acha pampu igonge, kinga dizeli kwenye chombo, pima. Nikakinga kwenye chupa ya jamu. Ilitakiwa ifike kwenye mstari niliouchora kwa kipimo cha kitabu, ikafika nusu. Filta nyeusi tii, na ndani ya bomba viputo vya hewa vinapita mmoja mmoja. Kibano kimelegea. Nimebadilisha filta, nimekaza kibano.

Hilmar akaja. Siku hizi anatembea na mikono mfukoni, hata akiwa ndani.

"Shemeji, unapika nini humo?"

"Jamu."

"Kwa harufu hii, Magnhild kapata mpinzani."

Alinishikia tochi. Kwa mkono wa kushoto. Tukanywa kahawa kibandani, nje baridi digrii tisa chini ya sifuri, pumzi zetu zinaonekana. Nilitaka kumwuliza kama anasikia baridi. Lakini hilo hapa kwetu haulizwi mtu mzima. Ni kama kumwuliza kama ameoga. Wanaosikia baridi ni watalii, wanashuka kwenye meli wamejifunga kama mizigo, na sisi tunawaangalia kichwa wazi. Baba alikuwa na barafu kwenye ndevu, ukimwuliza anasema kuna hewa nzuri.

Akaniuliza yeye: tusipokwenda mwaka huu, Terna utaifanyaje? Nikasema tunakwenda. Akasema najua, nauliza tu. Nikasema basi usiulize.

Akiniacha huyu nitauza. Sitaweza kuiangalia imefungwa gatini. Nimeliandika, sasa nalifunika.

Ijumaa, 20 Januari

Umeme mzuri. Dizeli inafika mstarini. Na bado inazima! Leo hata moshi umebadilika, umekuwa mweusi.

Nimempigia mwanamke wa duka la vipuri kule mjini Bodø. Sauti kavu, ya mtu anayejua kazi. Nikamweleza yote, waya, filta, viputo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nimefanya vizuri kuliko mafundi wengi. (Hilo naliandika neno kwa neno.) Kisha akauliza:

"Mnaiendesha kwenye namba ngapi?"

"Moja."

"Moja kati ya tano?"

"Ndiyo."

"Muda wote?"

"Miaka saba."

Nikasikia anavuta kiti.

"Basi haijaharibika, mama. Mmeisonga. Hita hii moto ukiwa mdogo haiunguzi dizeli yote, inabakiza masizi. Inatakiwa kila siku ipewe namba tano, nusu saa, ijisafishe koo. Nyie watu wa visiwani mna nini? Kila msimu napokea simu kama hii, na wote mko kwenye moja."

Nikamwambia huku hakuna baridi sana. Akacheka. Akasema anatuma wavu wa plagi na gasketi, zitakuja na meli ya Jumatano, na mpaka hapo nifungue chumba cha moto nikwangue. Kwa kijiti cha mbao, si kwa chuma.

Jumamosi, 21 Januari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hita iko chini ya benchi, nyuma ya makoti ya mvua, na mimi nina miaka hamsini na saba. Nimelala kifudifudi saa tatu nzima. Goti linalia kama mlango wa ghala.

Skrubu nane. Ya sita iligoma, nikaipaka mafuta, nikaitukana, ikatoka. Nikaufungua mfuniko.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ndani hapana nafasi hata ya kupenyeza kidole. Masizi yameganda yamekuwa mawe. Ule wavu mdogo wa plagi, unaotakiwa upitishe mafuta, umezibwa kabisa. Nimekwangua nikajaza bati zima la biskuti. Hata puani nina masizi, na nikipiga chafya natia doa ukurasa huu.

Kwa hiyo ni mimi. Si waya, si hewa, si kiwanda. Mkono wangu ndio uliokuwa unarudisha swichi kwenye moja. Kwa nini? Kwa sababu Hilmar alikuwa amekaa pale. Sikutaka aone nahodha anajiota kama kikongwe.

Halafu nikakumbuka kitu, bado nimelala pale chini na kijiti mkononi. Kuna siku niliiweka kwenye tatu. Nilikuwa na homa. Nikatoka kuangalia nyavu, niliporudi iko kwenye moja. Na Hilmar anaangalia dirishani. Nikadhani anaona joto.

Jumatano, 25 Januari

IMEWAKA.

Niandike vizuri, kwa mpangilio, maana siku kama hii haiji mara mbili.

Kifurushi kilifika saa tano. Wavu mpya mdogo kama kofia ya kidole. Niliusukuma taratibu mpaka mwisho, tundu limetazama juu kama kitabu kinavyotaka. Gasketi mpya. Skrubu nane, nikizikaza kwa kupishanisha, moja huku, nyingine kule. Bomba la ekzosi nikalipitishia waya hadi nje, likatoa kiota cha uchafu. Nikarudisha kila kitu. Haikubaki skrubu hata moja mkononi.

Swichi. Feni. Tik, tik, tik. Moshi mweupe. Ikazima.

Nilikaa sakafuni. Nusura nilie, na nimeliandika hilo pia. Kisha nikasoma mstari mmoja kitabuni: bomba likiwa tupu, mara ya kwanza mafuta hayafiki, rudia. Nikarudia.

Tik, tik. Moshi. Moshi ukapungua. Ukaisha kabisa. Ndani ya sanduku sauti ikaanza kupanda, vuuu, ikapanda tena. Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Vuguvugu. Joto. Nikautoa, unaunguza! Nikaweka namba tano, nikakaa mbele yake na fulana, mtu mzima mimi, nikicheka peke yangu.

Torleif alisikia mlio akaja. Safari hii alipiga goti. Alichungulia chini ya benchi kwa tochi yake mwenyewe, akagusa viungo, akanusa ekzosi. Akauliza nani alinifundisha.

"Wewe," nikamwambia.

Hakuelewa. Si kitu, nimeelewa mimi. Na neno lile limeshuka kooni.

Alhamisi, 26 Januari

Magnhild kaja kukagua. Alikaa kibandani saa nzima na saa ya ukutani mkononi, kaitoa jikoni kwake. Akavua koti. Akavua sweta. Akapangusa shingo. Akasema sawa, Hilmar aende, lakini kikimpata kitu atanishika mimi, si hita. Nikauliza ana maana gani. Akasema, "Nyie wawili mnaweza kufa kwa baridi mmekalia moto."

Kisha tukala kwake samaki wa kuchemsha pamoja na ini. Aliniwekea kipande cha shingo. Kile huwa anampa Hilmar.

Jumatatu, 30 Januari

Niko kibandani, daftari liko juu ya ramani ya bahari. Tumetoka saa moja asubuhi, upepo wa mashariki, digrii kumi na moja chini ya sifuri. Skrei wamefika, mashine ya kusaka samaki inawaonyesha wametanda chini yetu. Hita inanguruma kwenye tano. Inanguruma! Kila ikinguruma nanyoosha mgongo.

Nilitoka kugonga barafu kwenye winchi. Robo saa hivi. Niliporudi kimya kimezidi. Nikatazama swichi.

Moja.

Hilmar amekaa, mikono mfukoni, anaangalia dirishani.

Nikairudisha tano. Akasema si lazima, shemeji, kama ni kwa ajili yangu kuna hewa nzuri tu. Akasema siku zote huwa anaipunguza kwa sababu anajua mimi napenda ubaridi. Mimi! Miaka saba!

Nilikuwa na la kumwambia, la ukali, lilikuwa tayari ulimini. Halikutoka. Likatoka jingine, na sijawahi kulitamka mbele ya mtu tangu nizaliwe.

"Hilmar, mimi nasikia baridi."

Akageuka akanitazama kama nimemwambia boti inazama. Halafu akatoa mikono mfukoni, akavua glavu za sufu kwa meno, akaiweka yote miwili mbele ya tundu la hita.

"Na mimi," akasema. "Tangu boti ikiwa ya baba yako."

Vidole si viwili. Ni vinne. Vyeupe mpaka kwenye kiungo cha pili. Hakuna aliyejua, hata Magnhild.

Sasa tunangoja damu irudi. Anasema kidole kidogo kimeanza kuuma, na kuuma ni kuzuri. Vingine bado. Boya la nyavu tulizotega juzi naliona, mita mia mbili hivi, na Asgeir anakuja nyuma kwa kasi, kifua wazi, anapiga honi tumpishe.

Nimepunguza injini. Acha apite.