Chungu cha Mkeo

Mwaya, 1911

Mwanangu Asegelile, huko relini,

Ugonile? Sisi wazima. Mpunga umechanua, na yule mbuzi wako amekula kofia yangu ya kanisani.

Unajua mila yetu, baba mkwe hamtazami mkamwana. Basi pua yangu ndiyo iliyoanza kushuku. Felista mkeo ananuka pombe, tena ana chungu cha wafinyanzi wa Ikombe amekifunika majani ya mgomba. Alipokwenda mtoni nikaonja. Mdomo ulipinda!

Mama yako akacheka. "Mzee, hiyo siki! Makapi ya miwa waliyokuwa wakitupa kwenye mtambo wa sukari wa Mzungu, sasa shamba la mpira wanayachachusha kwa mbegu ya chungu hicho, siki kuu anayoitunza Felista. Siki yake inagandisha utomvu wa mpira. Mbegu ikifa, Felista hana kazi."

Haya, ni siki. Lakini nyapara wa shamba hilo, Lutengano, huja kila jioni, eti kukagua mbegu. Jana alikaa mpaka wali ukaiva, na chungu hakukifunua.

Omba ruhusa urudi. Mila inanikataza kumtazama mkeo, haikunikataza kumtazama nyapara.

Baba yako mwenye pua,
Mwakalinga