Nilimtaja Mwende Nikiwa Shimoni

Jumapili, mwezi wa sita. Kitengela. Miezi tisa tangu nitoke nyumbani Mutomo.

Baridi ya wiki hii si ya kawaida. Wingu limelala chini mpaka asubuhi huoni mabati ya jirani, na pundamilia walio ng'ambo ya waya wa kuzuia wanyama unawasikia kabla hujawaona. Leo sijaenda kanisani. Nimekaa kwenye chumba chetu cha mabati hapa kwenye ploti, nimejifunika blanketi, naandika kwa simu. Wengi mnaosoma hapa kwenye kundi letu ni watu wa mjengo, wa kazi za ujenzi, kama mimi, kwa hivyo hamtanicheka. Au mtanicheka, sawa tu.

Naandika kwa sababu ya msichana wangu, na kwa sababu ya shimo.

Msichana wangu anaitwa Mwende. Ni kifungua mimba. Yuko gredi ya tisa, na mwakani anaingia sekondari ya juu. Siku hizi mtoto hangoji amalize shule ndiyo ajue anaelekea wapi. Anachagua sasa: sayansi, au masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya njia hiyo anachagua masomo matatu, na hayo matatu ndiyo yatakayosema baadaye ni chuo gani kitampokea na kipi kitamfungia mlango. Mwalimu wake anataka jibu kesho Jumatatu, na anataka kusikia mzazi akisema amekubali.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyeniuliza ninachagua nini.

Mwende anataka fizikia, kemia na jiografia. Anasema akimaliza atasomea mambo ya ardhi, ya maji yaliyo chini. Kwetu tunachimba mchanga wa mto mkavu kupata maji, na tangu akiwa mdogo alikuwa anauliza kwa nini maji yapo hapa na hatua chache kutoka hapa hayapo. Mimi nilitaka achukue masomo ya biashara. Akae ofisini, mikono iwe safi, jioni arudi nyumbani bila udongo masikioni. Mimi nafanya kazi ya mashimo. Sikutaka mtoto wangu awe na shughuli yoyote na kilicho chini ya ardhi.

Hilo ndilo tumekuwa tukivutana juu yake kwa simu mwezi mzima.

Sasa shimo. Ni la choo cha nyumba za kupangisha anazojenga mama mmoja, Mama Njeri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku mjini. Tunachimba wawili, mimi na Musyoka, Mkamba mwenzangu, mtu wa utani mwingi aliyenizidi umri. Mmoja anakuwa chini na sururu, mwingine juu anavuta ndoo. Tumepita udongo mweusi, tumepita changarawe, sasa tuko kwenye mwamba laini wa njano. Ukiangalia juu kutoka huko, kichwa cha Musyoka ni kama kifaranga kwenye ukingo wa sahani.

Sisi wa mashimo tuna desturi moja. Mtu akiwa chini haitwi jina. Aliye juu anamwita "wa chini", basi. Na wa chini naye hataji jina la mtu yeyote, hata la mke wake. Wanasema jina likitajwa ndani ya shimo linabaki huko. Ukitoka, kabla hujapewa maji ya kunawa, aliye juu anakuuliza, "Wewe ni nani?" na lazima ujitaje mwenyewe kwa mdomo wako. Nilifundishwa hivyo nilipoanza kazi hii kule Kajiado, na nilidhani ni ya kutisha wageni. Lakini nimeifuata. Kila mtu anaifuata, hata waliookoka.

Nimeifuata mpaka Alhamisi.

Alhamisi mchana nilikuwa chini. Simu yangu ilikuwa juu, kwenye koti. Ikalia, Musyoka akaipokea, nikamsikia akicheka.

"Wa chini! Binti yako huyu. Anasema ni haraka, yuko kwa simu ya mwalimu."

Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono juu ya shimo, simu ikiwa kwenye spika. Sauti ya Mwende ikashuka kwangu. Ilijaa shimo lote kama maji. Alisema masomo yake matatu, akasema shule zenye maabara nzuri ziko mbali na kwetu, kwa hivyo atalala bweni, halafu akauliza, "Baba, nimwambie mwalimu umekubali?"

Nilikuwa nimechoka. Mgongo ulikuwa unawaka. Nikasema hapana, achukue biashara. Akasema, "Lakini Baba." Akaanza kunieleza tena, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Hasira ikanipanda.

Nikapaza sauti nikamwita jina lake.

Mtandao ulikatika papo hapo. Shimo lilikaa kidogo, halafu likarudisha lile jina. Mwangwi naujua, nimekaa mashimoni miaka. Mwangwi hauchelewi. Huu ulichelewa, na uliporudi haukuwa na hasira niliyokuwa nayo mimi. Ulilitaja jina taratibu, kama mwalimu anayeita darasa asubuhi kuona nani amefika.

"Toka," Musyoka akasema.

Nilipotoka aliniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kyalo."

Aliniangalia. Akaangalia shimo. "Wewe umetoka," akasema. "Yeye je?"

Nilimwambia aache ujinga, msichana yuko Mutomo, yuko shule, amevaa sweta. Musyoka hakufanya utani jioni hiyo. Alikula ugali wake akiwa amegeuka upande mwingine, na kabla ya kulala alifunika mdomo wa shimo kwa mabati na mawe. Hatukuwa tumewahi kulifunika.

Ijumaa nilishuka tena. Musyoka alikataa, akasema zamu ni yangu mpaka nimalize nilichoanzisha. Tulitanguliza mshumaa kwenye ndoo kama kawaida, kuona kama hewa iko sawa, na mshumaa uliwaka vizuri mpaka chini. Naeleza hivi ili mtu asiseme nilivuta hewa mbaya. Nilichimba. Nilipopumzika kidogo nikasikia kitu nyuma ya ukuta.

Kilikuwa kikikwaruza. Si kama panya, na si kama jiwe linalopasuka. Kilikuwa kinaenda, kinasimama, kinaenda. Nilisikiliza muda mrefu nikitafuta jina la ule mlio, na nilipolipata niliweka sururu chini.

Ni mlio wa mtu anayeandika ubaoni.

Niliinua sururu, nikapiga ukuta mara moja. Kikanyamaza. Nikaacha kuchimba. Kikaanza tena.

Nilivuta kamba, Musyoka akanitoa. Hakuniuliza nimesikia nini. Aliniuliza jina langu tu, na nilichelewa kujibu. Sikusahau. Nilikuwa bado nasikiliza.

Mama Njeri alikuja saa hiyo na gari lake kuona kazi imefika wapi. Alitukuta tumekaa kwenye mchanga kama watu wa matangani.

"Hamjafika? Nyinyi mnachimba ama mnachonga?"

"Kuna baridi, mama," Musyoka akasema.

"Baridi iko kwa kila mtu. Hata mimi niko nayo na nimekuja."

Sijui kwa nini nilimweleza habari za Mwende. Labda kwa sababu ni mzazi. Sikumweleza za ukuta. Alisikiliza akifunga koti.

"Msichana? Afanye biashara," akasema. "Mimi fizikia sikusoma, na hii ploti ni yangu. Huyo akienda kuchimba na kompyuta, bado ni kuchimba. Mwambie baba yake ashachimba ya watu wawili."

Aliondoka akicheka. Na alikuwa amesema maneno yangu mwenyewe, yale yale ninayomwambia Mwende, lakini yaliposemwa na mtu mwingine sikuyapenda.

Musyoka alikuwa na mawazo yake. Aliniambia Ijumaa hiyo, na Jumamosi akarudia. Alisema msichana mwenyewe ndiye anayetaka kujua kilicho chini, na mimi nimemtaja huko chini. Mambo mawili yamekutana. Nimkataze. Achague kitu cha juu, kitu cha mwangaza, na ukuta utanyamaza. "Hata muziki," akasema. "Mwache aimbe, Kyalo. Nani aliwahi kufa kwa kuimba?"

Jumamosi mchana nilimpigia simu. Nilisimama mbali na shimo, kule karibu na waya. Nia yangu ilikuwa mbaya kidogo, nasema ukweli. Nilitaka kumtisha. Nilitaka kumweleza habari za ukuta ili aogope ardhi, aache mwenyewe, na mimi nisiwe baba aliyemkatalia.

Nilimweleza yote. Shimo, giza, ule mlio.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikafikiri nimefaulu.

"Baba, ni upande gani?" akauliza.

"Upande gani wa nini?"

"Wa ukuta. Ni ule wa kulia kwako ukisimama mahali ndoo inashukia?"

Ulikuwa wa kulia. Sikuwa nimesema.

"Na huko chini ni njano," akasema. Hakuwa anauliza.

Nilimwambia sijawahi kumtajia rangi. Akasema anajua. Akasema Alhamisi aliporudi nyumbani alilala jioni, akaota yuko mahali penye ukuta wa njano, pembamba, hapana mlango. Alikuwa na jiwe dogo, anaandika nalo ukutani. Usiku wa Ijumaa aliota tena. Kulikuwa na mtu upande wa pili anachimba. Mtu huyo akichimba, yeye anaacha. Mtu huyo akipumzika, yeye anaendelea.

"Alipiga ukuta mara moja," akasema Mwende. "Ulikuwa wewe?"

Mke wangu alikuwa karibu naye, nilimsikia akisema, "Mwambie baba yako aombe." Mwende hakuniambia hilo. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa wanyama kwa mkono mmoja na sikujua nimeushika.

Nikamuuliza, "Uliogopa?"

"Hapana. Nilikuwa nataka kumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Swali. Lilikuwa refu." Kisha akaniuliza kama ukuta ulikuwa mkavu au umelowa, kama sururu ikigonga inalia au inanyamaza, kama kuna mstari mweusi mahali njano inapoanza. Nilimjibu yote. Nilijikuta namjibu kama ninavyomjibu Musyoka, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Hatukuvutana hata kidogo.

Na ndipo nikaelewa kitu ambacho kimeninyima usingizi. Musyoka anadhani nikimkataza nitakuwa nimemvuta atoke. Mimi sioni hivyo. Mwende ameshaingia. Labda niliyemwingiza ni mimi, labda aliingia zamani akiwa mdogo kule kwenye mchanga wa mto, na mimi Alhamisi nilimtaja tu mahali alipokuwa tayari. Nikimwandikisha biashara hatatoka huko. Atabaki kwenye ule ukuta, na hatakuwa na fizikia.

Kama mtoto yuko chini, afadhali ajue ni nini kinachoshikilia kilicho juu yake.

Leo baada ya saa za kanisa nilimpigia mwalimu. Ni mwanamke mwenye sauti ya upole. Nilimwambia mimi ni Baba Mwende, nakubali fizikia, kemia na jiografia, na nakubali bweni. Akasema vizuri, wazazi wengi wanasumbua. Akasema na matokeo yake yanaruhusu. Halafu akauliza kama nina uhakika, maana baadaye kubadilisha ni shida.

Nilimwambia sina.

Akasema, "Basi niandike?"

Nikasema aandike.

Musyoka amesikia, kwa sababu chumba ni kimoja. Ameniita mjinga kwa Kikamba, kwa upole, kisha akanichemshia chai. Kesho amekubali kushuka yeye. Nimemwomba akifika chini akae kimya kwanza, asikilize upande wa kulia, aniambie. Sijui ninataka aseme nini. Akisema kuna kimya nitajiuliza kama mtoto amemaliza lile swali, ama amechoka.

Shimo hili tukilimaliza, na lingine la ploti ya nyuma, narudi. Natarajia kufika nyumbani mwezi wa nane, wiki ile shule zinafungwa, basi la asubuhi. Mwende ameomba nimletee kipande cha ule mwamba wa njano, kikubwa kiasi cha ngumi. Nitambebea. Nitakifunga kwa gunia, na nikifika nacho kitalala nje, mbali na anapolala yeye.