Pale Nyavu Mbili Zinakutana

Walikale, mvua haijakatika

Furaha, mujukuu wangu, jambo sana kule Kisangani. Sisi tuko. Mama yako alienda Hombo kuuza mihogo. Goti linanisumbua, lakini barua yako inanisumbua zaidi: tangu asubuhi nakaa, naamka, nazunguka nyumba.

Unasema mulichora daraja ndani ya ordinatere, hiyo kompyuta yenu, juu yake yote mukaifunika na wavu wa pembetatu ndogo ndogo, wewe upande moja, mwenzako upande ingine. Kwa macho pande mbili zinagusana. Mukiweka uzito, daraja linaachana katikati. Unauliza kama ukate pembetatu zako tena zikuwe ndogo zaidi.

Ordinatere siijui. Najua wavu ya kuwindia. Kila nyumba ilileta yake, tukaziunganisha fundo kwa fundo mpaka zikuwe wavu moja. Siku moja nilikuwa nimekasirikia kaka yangu Bahati sababu ya kugawana mguu wa nyama. Nikasogeza wavu yangu mpaka ikagusa yake, lakini sikufunga. Yangu ilikuwa na matundu madogo kuliko zote, nikajisifu. Mnyama akapita palepale katikati, mbele yetu wawili. Kijiji kizima kikarudi mikono mitupu. Bahati akakunja wavu yake, akatangulia njia. Nilitamani anipige.

Njo maana situlii. Umeniandikia kurasa tatu za pembetatu, na jina la huyo mwenzako hakuna. Uende umusalimie leo, umwambie koko, babu yako wa Walikale, anamuuliza hali, halafu mukae wawili mufunge nyavu zenu fundo kwa fundo.

Koko wako