Kosa la Mzee Bartholomeo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni Morogoro, Jumatatu tarehe 18 Julai 1977, saa nane mchana

Jina: Felista Severini
Umri: Miaka 16
Kabila: Mluguru
Dini: Mkristo
Kazi: Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Makazi: Kijiji cha Lubwele, milima ya Uluguru

Kabla ya kueleza yaliyotokea, nasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama. Hesabu anazozifanya Ndugu Mikidadi ninazielewa, na ninazipenda. Nyumbani wanajua kwamba kazi yangu ilikuwa kumshikia kamba tu. Niliona haya kusema, kwa sababu msichana akisema anapenda hesabu huulizwa maswali mengi, nami sipendi kuulizwa. Leo naomba niulizwe.

Ndugu Mikidadi ni mwenyeji wa Mikese na anasomea kilimo chuoni hapa Morogoro. Mwaka huu ni wake wa mwisho na anatakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Alikuja kijijini kwetu mwezi Juni, wakati wa kuvuna maharage, akaomba mtu anayejua Kiluguru na kusoma. Mimi nilikuwa likizo, nikapelekwa.

Alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, shamba likizidi kuwa la mteremko, mavuno hupungua kwa kiasi gani? La pili, je, mashamba yenye ngazi, yaani vipandio vya udongo tunavyochonga mlimani, yanazaa kuliko yasiyo na ngazi? Tulipima mteremko wa mashamba thelathini kwa ubao na timazi, kisha tukauliza kila mwenye shamba alipata debe ngapi kwa robo ekari.

Hapo ndipo wazee walipoanza kututazama vibaya. Kwetu anayekuja kupima mlima anakumbusha mwaka wa matuta, Mwingereza alipowalazimisha watu kuchimba matuta nao wakakataa. Mzee Bartholomeo alikuwepo siku hizo. Hata hivyo alituruhusu kupima shamba lake, akasema, "Pimeni, ila msiuhamishe mlima."

Jumamosi tarehe 16 Julai, saa kumi jioni, tulikuwa uani kwetu. Sikuwa nimeelewa jinsi ya kuupata mstari unaoonyesha mavuno yanavyopungua kadiri mteremko unavyozidi, ndipo Ndugu Mikidadi akatandika mkeka, akapanga maharage juu yake. Kila harage lilikuwa shamba. Mashamba ya mteremko mkali aliyaweka kulia, na yaliyozaa sana akayaweka juu. Kisha akanyoosha uzi wa katani katikati yao. Alisema, "Usitafute uzi utakaogusa maharage yote, haupo. Tafuta uzi usiomwonea mtu." Umbali kutoka kwenye harage hadi kwenye uzi, kwa kwenda juu au chini, aliuita kosa. Ndivyo kitabu chake kinavyouita. Kila kosa tunalizidisha kwa lenyewe, tunajumlisha yote, na uzi ulio bora ni ule ambao jumla yake ni ndogo kuliko nyingine zote.

Mama Theresia, jirani yetu, alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"We mtoto wa Severini, umeanza bao na wanaume? Nani anakula?"

Ndugu Mikidadi alisema, "Shikamoo mama. Si bao hili, ni mashamba yenu."

"Mashamba yetu kwenye mkeka! Haya, msiyapike tu."

Alicheka, nasi tukacheka. Mama huyo alipokuwa anaondoka, Ndugu Mikidadi alinigeukia akasema maneno haya, na ninayakumbuka vizuri: "Kosa la Mzee Bartholomeo ndilo kubwa kuliko yote. Lazima nilifikishe kwa wakubwa wangu." Alikusudia walimu wake. Nilimwona Mama Theresia akigeuza shingo, lakini sikuwaza lolote.

Jumapili baada ya Misa, kama saa tano, Mzee Bartholomeo alifika nyumbani kwetu na mgambo wawili. Alikuwa bado amevaa koti lake la kanisani. Hakuitikia salamu.

"Kijana, kosa langu ni lipi? Ekari ya kijiji nimelima. Choo nimechimba. Wajukuu wako shule. Nitajie kosa."

"Mzee wangu, si kosa la namna hiyo. Ni kosa la kihesabu."

"Ahaa! Kwa hiyo umenihesabia! Padre ametoka kutuambia sasa hivi kwamba Mungu hahesabu makosa ya waja wake. Wewe mwanafunzi ndiye unayeyahesabu?"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa uani. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba huyu ametumwa kuandika wanaokaidi, ili matuta yarudi. Mgambo mmoja aliinua rungu. Mzee Bartholomeo mwenyewe akamshika mkono, akasema, "Usimpige, ni mtoto wa mtu. Apelekwe polisi." Ninamshukuru sana kwa neno hilo.

Kisha akaniuliza mimi, "Felista, alisema au hakusema?" Nilijibu, "Alisema, babu." Nilitaka kuendelea lakini nilianza kulia. Wakamchukua Ndugu Mikidadi. Alipopita karibu nami aliniambia, "Usilie, umesema kweli." Jumatano anatakiwa kuwasilisha kazi yake chuoni, na asipowasilisha atakuwa amepoteza mwaka.

Naomba iandikwe kwamba Ndugu Mikidadi si mtu wa kumdhania mwenzake mabaya. Tulipofika kwenye swali la ngazi, alitaka tuanze kwa kudhani kwamba ngazi hazina faida yoyote. Nilikasirika, kwa sababu ni kazi ya babu zetu. Alinieleza kwamba dhana hiyo huwekwa ili ushahidi uiangushe, na ushahidi ukiwa hautoshi, inabaki imesimama. Tulikubaliana kwamba kama bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kubwa kama ile tuliyoiona kati ya mashamba yenye ngazi na yasiyo nazo, zaidi ya mara moja katika ishirini, tusingedai lolote. Nilipiga hesabu yangu, naye yake. Dhana ilianguka. Ngazi zina faida. Alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Nadhani hata yeye anastahili kuanziwa na dhana ya kwamba hana hatia.

Leo asubuhi nilikwenda shambani kwa Mzee Bartholomeo bila kutumwa. Nilimkuta anapalilia. Nilimwamkia, nikamwambia kwa Kiluguru, "Babu, kwa ukali wa mteremko wako, uzi ulisema utapata debe mbili. Wewe ukapata nne na nusu. Hilo ndilo kosa. Aliyekosea ni uzi, si wewe. Kaka Mikidadi anataka walimu wake waje wakuulize unafanyaje."

Aliweka jembe chini. Akauliza, "Kosa kubwa kuliko yote?"

"Kubwa kuliko yote, babu."

"Sasa kwa nini asiseme ziada?"

Hapo akaanza kunionyesha jinsi anavyolaza magugu kwenye kila ngazi na kuyafukia kabla ya mvua, akaeleza mpaka jua likawa kali. Kisha akanawa mikono, akaniambia nitangulie. Tumeshuka pamoja mpaka hapa. Yuko nje kwenye benchi.

Niliyoyasema nimeyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi, nami natia sahihi yangu.

(Sahihi) Felista Severini

Maelezo ya mwandishi: Shahidi amesema kwa hiari yake. Mlalamikaji Bartholomeo ameitwa ndani, ameeleza kwamba hana tena lalamiko, ila anataka neno "kosa" lifutwe na liandikwe "ziada" kabla kazi haijafika chuoni. Mtuhumiwa amekubali mbele yangu. Ameachiwa saa kumi na nusu jioni. Wote watatu wameondoka pamoja.

(Sahihi) Sajini Rehani