Maji ya Risasi Titini Mwangu

Kibiti, Jumatano, mwezi wa Rajabu

Basi mpaka Jumamosi. Bibi anayepasua majipu anasema wembe wake uko kwa mhunzi, na mhunzi anafua mikuki ya kumpigia Mdachi. Titi langu lisubiri mikuki iishe. Heshima kubwa hiyo.

Mama mkwe hakusubiri. Asubuhi kaja na kibuyu cha maji ya dawa aliyobakiza mume wangu.

"Yanageuza risasi kuwa maji, mwanangu. Yatashindwa na kivimbe kama njugu?"

"Mama, risasi inatoka nje. Huu uko ndani."

"Kelele! Fungua kanga."

Akanimwagia. Mwanangu naye akanirukia, akanyonya titi pamoja na dawa. Hongera zake, sasa risasi haimpati. Baba yake dawa hiyohiyo imemkataza kunigusa, analala uani kama mbuzi.

Jioni nimelipapasa. Uvimbe uko palepale, mgumu vilevile. Nauogopa wembe, sifichi. Lakini kama maji yameshindwa na njugu, huko vitani atakakokwenda mume wangu...

Titi la kushoto ni zima, alhamdulillahi. Nimeanza kumzoesha mtoto hilo. Analisukuma, analia, analitaka lile la maji.